Mawe ya Wageni wa Rwanshenene

Jumatatu, 8 Juni 1953

Daftari hili amenipa mke wangu Mwamvita nilipokuwa napanda lori pale Miembeni. Alisema kila nikitaka kumpiga mtu, kwanza niandike. Nikishamaliza kuandika na mkono bado unawasha, basi hapo nimpige. Mwaka jana nilimvunja taya kibarua mmoja aliyechanganya chokaa na majivu, kazi ikanitoka na jina likaharibika mji mzima. Kwa hiyo naandika.

Mimi Burhani, fundi mwashi wa Bukoba, nimekuja kilima cha Rwanshenene, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka Izigo, kutengeneza kanisa la Wakatoliki. Pale msikitini waliniuliza kama nimekosa kazi nyingine. Niliwajibu kwamba ukuta hauna dini, una timazi tu.

Kanisa ni la mawe na udongo, limejengwa na mapadre wa kizungu zamani kabla ya vita ya Wajerumani. Ukuta wa magharibi umepasuka kutoka juu hadi msingi, mkono wangu unapenya hadi kwenye kiwiko. Boriti moja niliipiga teke ikamwaga unga wa mchwa kama gunia lililotoboka. Paa lote lishuke, ukuta wa magharibi ubomolewe na kujengwa upya, kisha paa lirudi kabla ya mvua za Septemba. Tukichelewa, kuta tatu zilizobaki zitalowa na kumomonyoka, na mimi nitakuwa fundi aliyeliangusha kanisa. Padre Rugemalira amenieleza hayo mara mbili, kama kwamba mimi ni mjinga.

Nakaa kwa Mzee Mutembei, ambaye kazi yake hapa kanisani ni kupokea wageni. Ana kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa ya kutafuna, na hakuna anayepita mbele yake bila kupewa punje mbili. Mimi alinipa kabla hata sijatua sanduku langu la vyombo. Mkewe, Mama Klaudia, amenipikia ndizi kwa maharage. Wote wawili wananiita mgeni. Nimewaambia mimi ni fundi, wakacheka.

Alhamisi, 11 Juni

Vigae. Vumbi. Sikumpiga mtu.

Jumapili, 14 Juni

Leo nusura niue. Baada ya Misa Mutembei aliwaleta watu, kama mia hivi, chini ya jukwaa langu wakaangalie kanisa lao linavyovuliwa nguo. Wametoka mbali, wengine wamebeba watoto mgongoni. Nilikuwa juu nalegeza boriti ya mwisho, ikaniponyoka, ikaanguka hatua moja kutoka kwa mwanamke mja mzito. Nilishuka nikiwatukana wote, mama zao na bibi zao.

Mutembei alinivuta kando. Alisema mtu akishapewa akamwani hafokewi, wala haguswi hata kwa kidole, mpaka atoke mwenyewe uani. Hivyo ndivyo baba yake alivyomlea. Nilimwambia baba yake hakuwa na boriti ya ratili mia tatu kichwani. Tulibishana hadi jua likatuchosha sote wawili. Mwishowe mimi ndiye niliyesema: kama lazima waje, basi kila mgeni alete jiwe moja kutoka kwenye kibanja chake cha migomba, alitue pale mbele ya ukuta wa magharibi, asimame hapo hapo kwenye rundo asisogee. Ukuta ule unahitaji mawe mengi na mimi sina magari.

Mzee alifurahi mno, akaongeza lake. Kila jiwe atalipiga jina la mwenyewe kwa chokaa, na majina yataonekana ukutani mpaka siku ya kupiga lipu. La kwanza alilileta yeye, akaandika MUTEMBEI kwa herufi zilizolala upande. Wazo la mawe lilikuwa langu, naandika hapa ili nisije nikasahau siku watakaponisifu.

Jumanne, 23 Juni

Rundo linakua. Nimempata mtu wa kuyachonga, anaitwa Kashaija, mkulima wa hapa chini. Mpole hadi anakera. Anapasua jiwe kwa pigo moja kisha analiomba radhi. Mama yake alifariki mwaka jana, amemzika kibanjani kwake katikati ya migomba kama ilivyo desturi yao, na kila saa sita anashuka kulipalilia kaburi badala ya kula.

Jumapili, 28 Juni

Mtoto wa Mutembei amekuja kwa baiskeli. Anaitwa Ildefons, ana miaka ishirini na sita, ni mkaguzi wa fukusi, wadudu wanaokula migomba. Serikali imetoa amri kwamba mgomba wenye fukusi ung'olewe na tunguu lake lichimbwe lote, na vijana kama huyu wanazunguka vibanjani na vibarua na karatasi. Kofia ya kaki, soksi hadi magotini. Alinisalimu kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiarabu cha sala ili tuwe sawa.

Naye alileta jiwe. Alikataa baba yake aliandike, akachukua burashi akaandika mwenyewe, ILDEFONS, kila herufi imenyooka kama imechapwa. Kisha akaniambia kona yangu ya kusini imelala kidogo. Ilikuwa imelala kweli, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Alipoondoka nililisukuma jiwe lake kwa mguu hadi kwenye meko yangu, likawa figa la tatu la birika la chai.

Jumatano, 8 Julai

Ukuta umefika kifuani. Upepo kutoka ziwani umejaa vumbi, macho yananiuma.

Kijiji cha pili wamempiga mkaguzi kwa mipini ya majembe. Alipita hapa amelazwa kwenye machela, sikio moja limening'inia. Vibarua wangu walisimama kumtazama na hakuna aliyesema pole. Mama Klaudia alikimbia hadi barabarani kuangalia uso wake, akarudi akakaa chini kwenye vumbi kwa sababu hakuwa mwanawe.

Jumatano, 15 Julai

Naandika nikiwa nimeshapiga. Mwamvita anisamehe.

Saa nne asubuhi mtu alikuja mbio kumwambia Kashaija kwamba wakaguzi wako kibanjani kwake. Akaondoka na nyundo yangu mkononi. Nilimfuata kwa ajili ya nyundo, huo ndio ukweli. Tulipofika, migomba arobaini ilikuwa chini, mikungu michanga imekanyagwa. Mimi ni mtu wa mjini, ndizi nanunua sokoni, lakini nilihisi kama nimeingia kwenye nyumba walimochinjwa watu. Ildefons amesimama katikati na karatasi yake, vibarua watatu wanachimba matunguu.

Kashaija alipiga magoti. Alisema wachukue yote, wauache mmoja tu, ule uliopo kichwani kwa mama yake. Ildefons hakumwangalia. Alisema mgomba huo nao una alama, na amri haichagui. Wakachimba. Tunguu lilipong'oka lilitoka na kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti waliyomzikia marehemu, na udongo wake.

Kashaija hakulia wala hakuinua nyundo. Alianza kuurudisha udongo kwa viganja. Na mimi nilivuka matuta manne nikampiga Ildefons kofi kwa mkono wangu wote wa kuume, mkono wa kubebea mawe. Kofia iliruka. Aliangukia goti moja, damu ikamtoka puani juu ya karatasi.

Walikuwepo watu kama sitini. Hakuna aliyeshangilia. Walinitazama mimi, wakamtazama yeye anavyojifuta, na niliona wamejua jambo ambalo asubuhi hawakulijua: kwamba mtu wa serikali anapigika, na akishapigwa anatoka damu tu kama mwingine.

Alhamisi, 16 Julai

Nilifunga sanduku langu nikijua Mutembei atanifukuza. Alinikuta mlangoni, akaninyooshea kikapu, punje mbili kama kila siku. Alisema, "Mgeni wangu amempiga mwanangu. Sina pa kulipeleka neno hilo, fundi. Kazi inakungoja." Mama Klaudia alinipa chakula bila kuniangalia.

Jumapili, 26 Julai

Wageni wamezidi, na wengine hawakuja kwa ajili ya kanisa. Wanatua mawe yao, wanakuja kuniangalia mkono. Mzee mmoja aliushika akaugeuza kama anayekagua jembe dukani. Nimeletewa mkungu wa ndizi, kuku na kibuyu cha rubisi, pombe yao ya ndizi, ambacho siwezi kukinywa. Nasema wazi: nilipendezwa. Tangu nizaliwe mkono huu umenifukuzisha kazi tu, na hapa unaletewa kuku.

Jumatatu, 3 Agosti

Wamechoma nyumba ya mkaguzi mwingine upande wa ziwani. Mbuzi wake walikuwa ndani. Kutoka juu ya jukwaa niliuona moshi asubuhi nzima, na upepo ulipogeuka tuliisikia harufu. Vibarua walikuwa wanaimba.

Nilimwambia mmoja anyamaze. Akanijibu kwamba wanafuata mkono wa fundi. Siku nzima sikuweza kunyoosha mstari hata mmoja.

Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu yao ya Kupalizwa Bikira Maria. Watu elfu moja labda, wengine wametembea tangu jana kutoka Kashozi. Ukuta umenizidi kimo. Wanatafuta majina yao kwenye mawe, wakiyaona wanayagusa na kuwanyanyua watoto nao wayaguse. Mutembei aliishiwa akamwani mara mbili, sauti ikamkauka kwa salamu. Nilikuwa namwona mzee msumbufu. Leo nimetambua kwamba anawajua wote, jina la mtu, la baba yake na la kilima chake, na ndiyo maana wanarudi.

Ildefons hakuja. Mama yake alimwekea sahani, nzi wakaila.

Jumanne, 18 Agosti

Saa sita, vibarua wamekwenda kula, Ildefons akatokea nyuma ya kanisa kwa mguu, bila kofia. Amekonda. Nilidhani amekuja kulipiza, nikashika nyundo. Alikaa chini kwenye gogo.

Nilimuuliza kwa nini hakunishtaki. Alisema, "Wangekufunga, na ukuta wa tata ungebaki hivyo hivyo. Mvua ni mwezi ujao." Tata kwao ni baba. Kisha akazungumza muda mrefu akiangalia mikono yake. Vibanja vya wajane wa upande huu ameviandika vyote kuwa ni safi, bila kukagua. Mkubwa wake amegundua, akamtuma kwa Kashaija pamoja na msimamizi aliyekaa barabarani na orodha mkononi, na kumwambia ama migomba ya pale ing'oke yote au kesho aanzie kwa baba yake. Huyo msimamizi mimi sikumwona. Sikuangalia barabarani.

Alisema yeye na Kashaija walicheza pamoja utotoni. Alisema hajalala kwake wiki mbili, anajificha huku na huku. Mimi nilikuwa nimekaa na nyundo yangu mapajani kama mpumbavu.

Alipoinuka kwenda, aliuliza kama jiwe lake limeshawekwa. Birika lilikuwa juu yake hatua tano kutoka tulipokaa, jina limegeukia upande wangu na masizi yamelifunika nusu. Niliona haya. Nikasema limewekwa. Uso wake ulifunguka kabisa, nikaona anavyofanana na Mutembei. Ndipo nikaharibu zaidi: nikamwambia aje Jumapili, mchana kweupe, alione. Alisema atakuja na mama yake. Nilipanga nikirudi kutoka Idi niliweke kabla hajafika.

Alhamisi, 20 Agosti

Miembeni. Idi ya kuchinja. Nimemweleza Mwamvita yote, na la jiwe pia. Hakunigombeza. Alisema nikishuka kwenye lori niliweke kabla sijanywa hata maji.

Jumamosi, 22 Agosti

Lori lilipasuka magurudumu mawili njiani. Nimefika jua linazama, miguu imevimba. Jiwe lilikuwa la moto, vibarua walikuwa wamechemshia chai. Nitaliweka kesho asubuhi wakati wa Misa.

Jumapili, 23 Agosti

Nilipitiwa na usingizi. Sina udhuru mwingine. Nilipoamka Misa ilikuwa imeshakwisha kule kwenye banda la nyasi wanalosalia tangu paa lishuke, na watu wanamiminika kuja kwenye ukuta.

Ildefons alikuja amevaa kanzu nyeupe, mama yake amemshika mkono. Njia ilifunguka mbele yao. Mutembei alikuwa mahali pake, karibu na rundo. Aliinua kikapu juu ili watu wote waone, akampa mwanawe punje mbili, akasema kwa sauti, kwa Kihaya kisha kwa Kiswahili, "Huyu leo ni mgeni wetu." Ildefons alizitia mdomoni. Nilipumua. Nilifikiri desturi ya mzee itatosha.

Kisha akaenda ukutani kutafuta jiwe lake. Alianzia kona ya kusini, akinyoosha kidole jina kwa jina, midomo inasogea kama ya mtu anayesoma kwa makini. Rwegasira. Kokubanza. Tibaijuka. Alimaliza mstari mmoja, akashuka mwingine. Nilikuwa nimesimama mekoni, mbali kiasi cha hatua thelathini. Aligeuka akanitafuta kwa macho, akauliza, "Fundi, liko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mtu mmoja nyuma ya umati akasema, "Anasoma majina yetu."

Mtu wa pili akasema anayaandika kichwani ayapeleke bomani, ni majina ya waliochoma nyumba. Wa tatu akasema ndiyo sababu mawe yaliandikwa. Neno lilizunguka umati mzima kabla sijapiga hatua tatu. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Aligeuka taratibu, uso wa mtu aliyeguswa na rafiki. La pili lilimpata mdomoni.

Siwezi kuandika kila kitu na sitaki kuacha kitu. Rundo lilikuwa miguuni mwao, mawe ya kiasi cha mkono mmoja, mazuri, niliyoyachagua mwenyewe. Waliinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama watu wanaopalilia. Mama Klaudia alijitupa juu yake, jiwe likamvunja mkono wa kushoto, nikausikia mfupa. Wanaume wawili walimvuta kando na kuendelea. Mutembei alikuwa katikati na kikapu chake, kahawa imemwagika yote, anawaita kwa majina, jina la mtu na la baba yake, mmoja mmoja, na hakuna aliyemsikia. Niliingia kwa mwiko. Nilimpasua mmoja shavu, nikamvunja mwingine vidole, nikampiga kichwa wa tatu. Nimepiga kuliko siku zote za maisha yangu na haikusaidia hata chembe. Nilimwona Kashaija. Alikuwa amelinyanyua jiwe kwa mikono miwili juu ya kichwa, anatokwa na machozi. Akaliachia.

Halafu ghafla kila mtu akaona amefanya nini, wakakimbia. Walibaki Padre, Mutembei, mama na mimi. Kanzu haikuwa nyeupe tena. Nilipomgeuza nimfumbe macho, punje za kahawa zilikuwa bado shavuni mwake, hajamaliza kuzitafuna.

Alasiri walikuja askari wanne na koplo wao, wakauchukua mwili. Koplo aliokota jiwe lenye damu akalisoma, akaokota lingine. Akacheka kidogo. Alisema hajawahi kuona kesi rahisi namna hii, wauaji wamejitia sahihi wenyewe. Rundo lisiguswe. Jumanne atakuja na afisa na lori, wasome majina na kuwakusanya wote.

Jumatatu, 24 Agosti

Kulipopambazuka nilimkuta Mutembei kwenye rundo na ndoo ya maji. Alikuwa anayaosha mawe. Nilimwambia koplo amekataza. Hakuinua kichwa. Alisema, "Mawe haya walimpa Mungu. Aliyerusha hakusoma jina." Halafu akaninyooshea la kwanza, jina limeelekea udongo.

Nilielewa. Padre alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, joho amelifunga kiunoni. Wanawake sita walitokea wakateka maji. Mutembei alinipa mawe, mimi nikayaweka, majina yote ndani, moja baada ya jingine, tangu asubuhi hadi jioni. Kila moja alilisoma kwanza kimya kimya. Sikuwahi kujenga ukuta kwa haraka namna ile na timazi ilikaa sawa.

Mama Klaudia alikaa mbali, mkono umefungwa vijiti. Saa tisa alikuja akamwambia mumewe mbele yetu, "Unawaficha waliokuulia mwana. Mimi ningewasomea majina hayo mpaka kamba za kunyongea ziishe." Mutembei alisema anajua. Akanipa jiwe lingine.

Jumanne, 25 Agosti

Afisa mzungu, koplo, askari kumi na mbili. Waliswaga watu kutoka vibanjani kwa virungu, wazee kwa vijana, wakawakalisha juani mbele ya ukuta. Koplo aliniuliza mawe yako wapi. Nilimwambia mimi ni mwashi, nikikuta mawe najenga. Alinipiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno mawili. Nilikunja ngumi na nikaifungua, mara ya kwanza maishani, na haikuwa hofu.

Walimpiga kila aliyekaa mstari wa mbele. Watu walitapika damu na kunyamaza. Kisha koplo akamwendea Mutembei, akamsukuma kifuani, akasema baba anayewalinda waliomuua mwanawe labda alikuwemo. Aliinua kitako cha bunduki.

Kashaija alisimama. Alisema, "Mwacheni mzee. Niliyemmalizia ni mimi." Walimwangukia wote kumi na mbili. Walipomtupa kwenye lori hakuwa na sura. Mutembei alilisogelea lori, akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje mbili za kahawa akamwekea kiganjani. Askari hawakuelewa wakamwacha.

Jumanne, 1 Septemba

Kenchi nne za paa zimesimama. Mawingu ziwani.

Jumamosi, 5 Septemba

Mutembei alikuja mekoni kunichemshia chai, maana sitafuni kigumu vizuri na meno haya. Aliinama kupuliza moto, akakaa hivyo hivyo. Akalishusha birika. Akalifuta figa la tatu kwa kiganja, na herufi zikatokea zimenyooka.

Alisema kwa heshima ya kwao, "Waitu fundi. Mwanangu aliniambia jiwe lake liko ukutani. Nani alimwambia?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni kibarua. Nilisema ni mimi. Nilimweleza tangu siku ya soksi na kona ya kusini, kwamba nililichukia jiwe kwa sababu ya mwenyewe, kwamba nilidanganya kwa kuona haya, kwamba nikamwalika, kwamba nililala. Alisikiliza akiwa amelipakata jiwe, masizi yanamchafua nguo. Mama Klaudia alikuwa nyuma yangu, sikujua.

Alinipiga kwa mkono wake mzima. Uso, shingo, kifua, kwa ngumi, kisha kwa kuni. Nilisimama. Alinipiga hadi akachoka, akapumzika, akanipiga tena, na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza alinikalia miguuni akalia, na mimi sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Mutembei hakunigusa. Jioni alipita na kikapu, akampa kila kibarua, akanipita.

Ijumaa, 11 Septemba

Kigae cha mwisho saa kumi. Mvua ilianza saa kumi na moja, kubwa, ya kutoka magharibi, ikaupiga ukuta mpya uso kwa uso. Nilisimama ndani nikautazama. Hakuna tone lililopenya.

Jumamosi, 12 Septemba

Nafasi moja nilikuwa nimeiacha kando ya mlango, usawa wa kifua. Leo Mutembei alilileta jiwe mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine alibebe. Alitaka hili jina litazame nje. Lipu itafunika ukuta wote, hapa itaachwa wazi, na mgeni yeyote akiuliza ni nani, yeye atamweleza yote, mpaka la kofi na la chai. Nilimwambia ni haki.

Nililiweka. Alilitazama, akasema chokaa haitamaliza mwezi kwa mvua hii.

"Lichonge jina," aliniambia. "Kwa mkono ule ule."

Nimechukua tindo na nyundo, nimeanzia herufi ya kwanza. Mstari umeenda upande. Nilisema nitalisugua nianze upya, ila Mutembei amekataa, amesema liache hivyo. Amekaa nyuma yangu juu ya gogo na kikapu chake. Zimebaki herufi saba.